Barua ya nyumba imefika, na mtoto wa marehemu dada hayumo kwenye fomu

Shikamoo mama,

Naandika usiku, watoto wamelala. Mimi ni mama wa watoto watatu: binti wa miaka 13, na wavulana wawili, mmoja 9 na mwingine 4. Natokea Kivu Kusini, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na huu ni mwaka wa saba niko Marekani, jimbo la Maine, kwenye mji mdogo wenye viwanda vya nguo vya zamani kando ya mto. Baba yao tuliachana. Nafanya kazi ya kufua kwenye nyumba ya kutunzia wazee, saa 36 kwa wiki, dola 17.50 kwa saa.

Nimepanga ghorofa ya tatu, vyumba viwili vya kulala, kwa dola 1,550 kwa mwezi, na mafuta ya kupasha joto ni juu yangu. Wiki iliyopita mwenye nyumba alinipigia simu akasema kuanzia mwezi ujao ni 1,750. Sikuwa na la kumjibu.

Mwaka 2022 niliomba nyumba ya serikali, na vocha ya Section 8 pia, ile ambayo serikali husaidia kulipa kodi kwa mwenye nyumba binafsi. Nikaandika watu wanne, kwa sababu tulikuwa wanne. Miezi kumi na minne iliyopita alikuja kijana wa miaka 20, mtoto wa dada yangu mkubwa ambaye ni marehemu. Mimi ndiye mama yake mdogo. Alikuwa Texas kwa kaka yangu, kazi ikaisha, akapanda basi akaja kwangu. Sikumuuliza atakaa muda gani, na kwetu mtoto haulizwi hivyo. Anafanya kazi usiku kwenye ghala, saa 40 kwa wiki, dola 19 kwa saa. Kitanda cha wavulana hakipoi: wao wakitoka kwenda shule, yeye anaingia kulala. Kila mwezi ananipa dola 300 taslimu, nazituma zote kambini kwa mama yangu, ambaye ni bibi yake.

Sasa barua imefika. Kuna nyumba ya serikali ya vyumba vitatu, ghorofa ya chini. Binti yangu ndiye aliyenisomea. Kuna fomu ya kuandika watu wote watakaoishi ndani, na kipato cha kila mmoja. Nimejaza mistari minne. Mstari wa tano uko mtupu, na kila nikipita mezani nauona. Binti anasema tumepewa siku kumi, la sivyo tunafutwa.

Mwenzangu wa kazini anasema nisimtaje, wengi wanaishi hivyo na hakuna anayewajua. Kaka yangu kapiga simu kutoka Texas: mtoto wa marehemu hafukuzwi kwa ajili ya karatasi ya wazungu. Kanisani kuna mtu anasema nikimpa dola 400 atazungumza na watu wake ofisini, jina la vocha lipande, kisha nihame niende Texas karibu na kaka. Na mimi mwenyewe najiona mwongo tayari, maana miezi kumi na minne sikumwambia mtu. Nimtaje, nimfiche, au nimwambie aondoke? Na nikichukua nyumba hii, vocha niliyoingoja miaka yote inapotea?

Mama wa watatu, Maine

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukesha. Na hongera kwa jambo ambalo pengine hulihesabu: miaka yote hiyo umebaki na anuani na namba ya simu ambazo ofisi ya nyumba inazijua. Wengi hufutwa kwenye orodha si kwa kukosa sifa, bali barua ilikwenda kwenye nyumba waliyokwisha hama.

Nikikuelewa vizuri, mambo matatu yamekukuta ndani ya wiki moja: mwenye nyumba anapandisha kodi, ofisi imekupa nyumba, na ili uingie kwenye nyumba hiyo unaona ni lazima umtupe mmoja kati ya wawili, mtoto wa dada yako au ukweli. Tuanze na huo ukweli, maana ndio unaokunyima usingizi.

Unasema unajiona mwongo tayari. Fomu ya 2022 ilikuwa kweli siku ulipoitia saini. Ofisi nyingi hutaka mabadiliko ya watu nyumbani yaandikwe hata mtu akiwa bado kwenye orodha, kwa hiyo umechelewa kutoa taarifa, na hilo lina maelezo: alikuja kama mgeni akakaa. Kuchelewa huko bado kunarekebishika. Kitakachokufunga ni fomu hii iliyoko mezani, kwa sababu chini ya mistari hiyo kuna sehemu ya saini inayosema yote uliyoandika ni sahihi. Hujaitia saini. Na tazama inavyouliza: haiulizi mtoto wako ni nani, inauliza nani atalala hapo.

Sasa hesabu. Nimeona watu wengi wakiogopa kumtaja ndugu bila kukaa chini na kalamu.

Kwenye nyumba ya serikali, kodi kwa kawaida ni asilimia 30 ya kipato cha mwezi baada ya makato yanayoruhusiwa. Kipato chako kabla ya kodi ya mapato ni dola 630 kwa wiki, yaani 32,760 kwa mwaka. Kwa kila mtoto hupunguzwa kiasi. Kwa miaka mingi kimekuwa dola 480 kwa mwaka, na sasa husogezwa kidogo kidogo kufuata bei za vitu. Tukitumia 480, watoto watatu ni 1,440. Kinabaki 31,320, ambacho kwa mwezi ni 2,610. Asilimia 30 yake ni dola 783. Linganisha na 1,550 unayolipa sasa, kabla hata ya mafuta.

Kuna makato mengine ambayo kina mama wengi huyaacha mezani. Ukimlipa mtu akuangalizie watoto walio chini ya miaka 13 ili wewe uende kazini, fedha hiyo inakatwa kwenye kipato, mradi hakuna anayekurudishia. Hukuniambia nani anakaa na wa miaka 4 ukiwa kazini. Kama ni jirani unayempa, tuseme, dola 250 kwa mwezi, hiyo ni 3,000 kwa mwaka, na kodi inashuka kutoka 783 hadi 708. Utahitaji barua iliyosainiwa na jirani, yenye kiasi na siku. Fedha unazotuma kambini hazikatwi hata senti, ingawa ndizo zinazouma zaidi.

Mwongeze kijana sasa. Dola 19 mara saa 40 ni 760 kwa wiki, 39,520 kwa mwaka. Anakuzidi. Jumla yenu inakuwa 72,280, na kwa makato yale yale asilimia 30 inafika karibu dola 1,696 kwa mwezi. Hapo ndipo mwenzako wa kazini anaposhtuka, na mshtuko wake una maana. Lakini hesabu haijaisha.

Nyumba za serikali zina njia mbili za kulipa, na ofisi inapaswa kukupa nafasi ya kuchagua kila mwaka: ile inayofuata kipato, au kodi isiyobadilika iliyopangwa kwa ukubwa wa nyumba, ambayo kwa kawaida haishuki chini ya asilimia 80 ya kodi ya soko inayotangazwa na HUD, wizara ya nyumba ya serikali kuu, kwa eneo lenu. Ukiwa na mishahara miwili, hii ya pili mara nyingi ndiyo nafuu. Swali la kuuliza ofisini ni moja tu: kodi isiyobadilika ya vyumba vitatu ni kiasi gani, na kupasha joto kumo ndani yake? Kwa Maine swali hilo la joto si dogo. Nyumba ya 1,400 yenye joto ndani inaweza kuwa rahisi kuliko ya 1,200 ambayo tangi la mafuta ni lako kulijaza.

Na hesabu hiyo mgawane. Kijana anayelipwa 39,520 kwa mwaka, akiwa mpangaji halali mwenye saini yake kwenye mkataba, si mgeni wa kuchangia 300. Anaweza kubeba nusu ya kodi. Kukiwa na kodi ya 1,400, wewe unalipa 700, karibu sawa na ile 708 ya kuwa peke yako, na yeye anapata mahali penye jina lake. Namba hiyo ya 1,400 ni ya mfano. Ya kweli wanayo ofisini.

Kumtaja kuna hatari zake pia, nisikufiche. Mtu mzima anayeongezwa hukaguliwa: rekodi ya polisi, madeni ya nyumba alikokaa zamani, hati za uhamiaji. Muulize mapema kama kuna jambo huko Texas, hata dogo. Vyumba navyo vinaweza kupangwa upya: ofisi nyingi huhesabu watu wawili kwa chumba, kwa hiyo vitatu vinaweza kutosha wewe ukilala na binti, wavulana wawili pamoja, naye peke yake, lakini ofisi nyingine itasema familia imebadilika, subiri nyumba nyingine. Kisha kuna kipimo cha juu cha kipato. Kwa nyumba ya serikali mlango uko wazi hadi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo, kwa kufuata idadi ya watu. Kwa vocha kwa kawaida ni asilimia 50. Dola 72,280 kwa watu watano zinaweza kupita kwenye mlango wa kwanza na kukwama kwenye wa pili. Jedwali hubadilika kila mwaka. Waombe wakuoneshe la mwaka huu na waweke kidole kwenye mstari wa watu watano.

Kuna jambo ambalo naliandika kwa tahadhari. Mtu mzima wa nyumbani asiye mkuu wa kaya wala mwenzi wake, akiwa mwanafunzi wa muda wote, mshahara wake karibu wote hauhesabiwi. Huhesabiwa kiasi kilekile kidogo cha 480 au kilichowekwa badala yake. Shule ndiyo inayoandika barua kwamba anasoma muda wote. Kama alikuwa na ndoto ya chuo, hii ni habari njema kwake. Kama hakuwa nayo, usimpeleke darasani kwa ajili ya kodi, maana atakayekesha ghalani usiku na kukaa darasani mchana ni yeye, na akiacha katikati ya muhula kipato chake kinarudi kwenye fomu.

Sasa kumficha. Sitakuita mhalifu kwa kulifikiria. Mwenzako anasema hakuna anayejua. Hebu tutazame nani anajua. Mwajiri wake ana anuani yako kwenye karatasi za kodi ya mapato. Leseni yake ya udereva, benki yake, simu yake, fomu ya shule ya watoto inayomtaja kama mtu wa kupigiwa dharura inapotokea. Nyumba za serikali hukaguliwa, na mkaguzi anayeingia saa nne asubuhi atamkuta kijana wa miaka 20 amelala kwenye kitanda cha mtoto wa miaka 4. Mgeni huruhusiwa, lakini mkataba huweka siku, mara nyingi 14 mfululizo. Siku ya 15 anahesabika kuwa mkaaji.

Ikigundulika baada ya mwaka mmoja, watahesabu tofauti kati ya ulicholipa na ulichopaswa kulipa. Kwa hesabu ya hapo juu, 1,696 toa 708 ni 988 kwa mwezi. Mara 12 ni dola 11,856, na hiyo ni deni, na nyumba inaondoka, na jina linabaki kwenye mfumo ambao ofisi za nyumba za majimbo mengine pia huusoma. Kwa sisi tuliokuja na hati za ukimbizi kuna mlango wa pili: fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kumpa ofisa wa serikali taarifa za uongo. Utajibu nini hapo, na nani atakufasiria jibu lako? Wapo wanaoishi hivyo miaka na hawaguswi, ni kweli. Huishi nao chumbani, hujui wanavyoshtuka mlango ukigongwa.

Kuna toleo la tatu linalozunguka barazani: ingia wanne, umlete baada ya miezi miwili. Kama kweli alihama akakaa kwingine, kisha mkaomba aongezwe kwenye mkataba kabla hajaingia, ni ombi halali na ofisi inaweza kulikubali au kulikataa. Kama hakuhama popote, ni kumficha tu.

Imebaki kumwambia aondoke, na hapa nataka nikuulize polepole. Umeandika ya mwenzako wa kazini, ya kaka, ya mtu wa kanisani, hata ya binti yako. Kijana mwenyewe anasema nini? Sijaona neno lake hata moja kwenye barua. Amefanya kazi miezi kumi na minne usiku, analala kwenye kitanda kifupi mchana, na hujui kama anabaki kwa sababu hana pa kwenda au kwa sababu anaona akiondoka utabaki peke yako na kodi. Inawezekana yeye naye anaogopa kukuambia.

Kaka yako anasema mtoto wa marehemu hafukuzwi, na ana haki. Lakini kuhama kwa mtu mzima mwenye mshahara si kufukuzwa, ikiwa amekaa nanyi mezani akapanga mwenyewe na amepata muda. Na kaka, kwa heshima yake, yuko Texas. Akitaka kuwa sehemu ya uamuzi anaweza kuwa sehemu ya dipoziti, ile amana ya kupangia nyumba.

Kama atachagua kuhama, ahame kweli. Achukue chumba, au wawili watatu wa ghalani wapange nyumba kwa pamoja, awe na mkataba au angalau barua ya mwenye nyumba. Abadilishe anuani posta, kazini, benki na kwenye leseni, kabla ya siku ya saini yako, si baada. Sheria ya Maine haimruhusu mwenye nyumba kudai dipoziti inayozidi kodi ya miezi miwili, kwa hiyo ajue kiwango kabla hajatoa fedha. Anaweza kula kwako kila Jumapili. Hakuna mkataba unaokataza chakula.

Na zile dola 300? Mtu wa nje akikupa fedha taslimu kila mwezi, ofisi inazihesabu kuwa kipato chako: 3,600 kwa mwaka, na kodi inapanda kwa dola 90 kwa mwezi. Lakini fedha hiyo unasema inakwenda yote kwa bibi yake. Basi aitume mwenyewe moja kwa moja kambini, kwa jina lake. Hapo si kipato chako kwa sababu kweli hukipokei, na bibi atajua mjukuu ndiye anayemtunza.

Kuhusu vocha, kuna dhana naomba uiweke chini kidogo. Kukubali nyumba ya serikali hakukufuti kwenye orodha ya vocha. Kanuni za HUD zinaizuia ofisi kumwondoa mtu au kumsogeza nyuma kwenye orodha hiyo kwa sababu ameomba, amepata au amekataa msaada mwingine wa nyumba. Kinachoweza kupungua ni kipaumbele: kama ulipewa pointi kwa kuwa kodi inakula zaidi ya nusu ya kipato chako, ukishaingia kwenye nyumba nafuu pointi hizo hazikuhusu tena. Waulize, na waandike jibu. Kukataa nyumba ya serikali ni jambo jingine. Kila ofisi ina sheria ya mara ngapi unaweza kukataa kabla hujarudi mwisho wa orodha yake ya nyumba.

Wala vocha si nyumba, mwanangu, ni ruhusa ya kutafuta nyumba. Ukiipata unapewa angalau siku 60, pengine na nyongeza ukiomba kwa maandishi kabla hazijaisha. Ndani ya siku hizo umpate mwenye nyumba anayekubali, nyumba ipite ukaguzi, na kama kodi inazidi kiwango cha ofisi, sehemu yako siku ya kuanza isizidi asilimia 40 ya kipato kilichobaki baada ya makato. Dipoziti ni yako. Kwenye mji mdogo wa majengo ya mbao ya kabla ya 1978, penye mtoto aliye chini ya miaka 6, rangi inayobanduka dirishani peke yake inaweza kuangusha ukaguzi kwa sababu ya madini ya risasi yaliyomo kwenye rangi za zamani. Nyumba za vyumba vitatu zinazovuka vizingiti vyote hivyo ni chache, na vocha za watu huisha muda zikiwa mkobani. Uzuri wake ni ule ulioutaja: inaweza kuhama na wewe hadi Texas, kwa taratibu zake. Kama moyo wako uko kwa kaka, hilo lina uzito. Lakini hukuniambia kama Texas ni hamu yako au ya kaka.

Mtu wa kanisani usimpe dola 400, wala namba yako ya Social Security. Kujiandikisha ni bure na nafasi haziuzwi. Kama angekuwa na watu ofisini, yeye mwenyewe asingekuwa anakuomba 400.

Mwenye nyumba wako naye amekosea njia. Kutoka 1,550 hadi 1,750 ni ongezeko la karibu asilimia 13. Maine inataka notisi ya maandishi ya siku 45 kabla ya kupandisha kodi, na siku 75 ikiwa ongezeko linafika asilimia 10 au zaidi. Simu haihesabiki. Endelea kulipa 1,550 kwa wakati, kwa njia yenye risiti, umwandikie ujumbe mfupi kwamba unasubiri notisi ya maandishi. Hilo linakupa pumzi ya miezi zaidi ya miwili, hata kama nyumba hii ya serikali isingekuwepo. Akikutisha, Pine Tree Legal Assistance huwasaidia wapangaji wa Maine wenye kipato kidogo bila malipo, na kwa mengine piga 211. Ukiamua kuhama, na kama huna mkataba wa muda, nawe unampa notisi ya maandishi ya siku 30. Usiitoe mpaka uwe na tarehe ya funguo kwa maandishi, kisha uiombe ofisi ipange tarehe ili usilipe nyumba mbili mwezi mmoja. Piga picha kila chumba ukitoka. Mpangaji asiye na mkataba wa maandishi hurudishiwa dipoziti ndani ya siku 21, au aandikiwe sababu ya kukatwa.

Nimeacha zile siku kumi mwisho, kwa sababu nina shaka nazo. Binti yako ana miaka 13 na amefanya kazi ya mtu mzima; barua hizi zina maneno ambayo hata waliozaliwa na Kiingereza huyasoma mara mbili. Huenda ni siku kumi za kazi, yaani wiki mbili kamili. Huenda ni siku za kujibu tu kwamba unaitaka, si za kukamilisha kila karatasi. Piga simu kesho asubuhi, sema jina lako, sema Kiswahili, omba mkalimani. Usimpeleke binti, kwa sababu kuna mambo ya kijana huyo, kaka yake mkubwa, ambayo hapaswi kuwa yeye anayeyatamka. Unaweza kuuliza bila kutaja jina la mtu: nikiwa na ndugu mtu mzima anayefanya kazi, kodi itakuwaje, na nikiwa bila yeye itakuwaje? Kisha andika barua fupi kwamba unaitaka nyumba na unaomba siku chache kuthibitisha watu wa nyumbani. Iandike tarehe, ipige picha, ipeleke mwenyewe, uombe muhuri kwenye nakala.

Weka pamoja hati za mshahara za wiki nane, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za Social Security, kadi za ukaazi za wote, taarifa ya benki na barua ya jirani anayeangalia watoto, kama yupo. Hati za kijana ziweke kwenye bahasha yake, pembeni. Usizichanganye na zenu mpaka mzungumze.

Na mzungumze siku ambayo haendi ghalani, akiwa ameamka vizuri, si saa moja asubuhi akiwa anavua viatu. Mpe karatasi yenye namba zote mbili, 708 na ile watakayokupa ofisini. Mwoneshe mstari wa tano, umwachie aseme kwanza.